GPA haimpi mtu leseni: tunavyopima kama mwanafunzi anafaa

Msimu wa matokeo ukifika, wazazi hunipigia simu: "Mwalimu, mtoto kafaulu masomo yote, sasa mnamzuilia nini?" Mimi ni mkufunzi wa uuguzi hapa Mwanza, na muda wangu mwingi naumalizia wodini kuliko darasani. Huwajibu kwamba kufaulu mtihani ni jambo moja, kukabidhiwa wodi saa nane usiku ni jingine.

Uuguzi, kama udaktari na ufamasia, ni taaluma ya leseni. Sheria ya Uuguzi na Ukunga ya 2010 imelipa Baraza la Uuguzi na Ukunga kazi ya kusajili na kutoa leseni. Madaktari nao wana Baraza la Madaktari Tanganyika, na mwaka mzima wa uintani (kufanya kazi hospitalini chini ya uangalizi) kabla ya usajili kamili. Ila Baraza letu halijawahi kumwona mwanafunzi akimgeuza mgonjwa kitandani. Tuliomwona ni sisi.

Chukua chati ya vipimo iliyojazwa na mwanafunzi. Wodi nzima wanapumua mara 20 kwa dakika. Wote! Mwenye nimonia 20, aliyepasuliwa jana 20, na yule wa kitanda cha dirishani, ambaye saa hiyo yuko thieta (chumba cha upasuaji), naye 20. Mwanafunzi hakuhesabu, alijaza tu. Fiziolojia alipata A, na anajua fika kwamba upumuaji ukipanda, mgonjwa ameanza kuharibikiwa. Kwa hiyo tatizo lake si elimu. Kwangu hili ni zito kuliko kukosea hesabu ya dozi kwenye karatasi, maana asiyejua hufundishwa akajua.

Mwaka 2005 jarida la New England Journal of Medicine lilichapisha utafiti wa Maxine Papadakis na wenzake wa Marekani. Walifukua mafaili ya chuoni ya madaktari 235 walioadhibiwa na bodi za leseni, wakayalinganisha na ya wenzao 469 wasio na doa. Mwenendo mbaya tangu chuoni uliambatana na uwezekano wa kuadhibiwa takriban mara tatu zaidi. Kilichojitokeza kuliko vyote ni kutowajibika kupita kiasi, na kingine kikawa kutojirekebisha. Alama duni nazo zilihusika, ila kwa uzito mdogo.

Hapo kwenye kutojirekebisha ndipo ninapoweka jicho. Kosa la kwanza namwita pembeni, namwonyesha chati, tunaandika tarehe, kilichotokea na maelezo yake mwenyewe, anasaini. Wengi hunyooka upesi. Akirudia, akaelekezwa, akarudia tena, suala linakwenda kwenye kamati likiwa na karatasi, naye anasikilizwa. Bila maandishi siendi kokote; "ana kiburi" na "hachangamki" ni umbea, si ushahidi. Nimeona mpole asiyefungua mdomo kwenye raundi ya madaktari, halafu jioni unamkuta ameinama kwa bibi asiyejua Kiswahili, anamweleza kwa Kisukuma kwa nini asile kitu kabla ya upasuaji. Huyo umnyime alama kwa kuwa mkimya?

Kuchelewa nako kuna sababu zake. (Kisingizio cha foleni ya kivuko cha Kigongo kimekufa tangu daraja lifunguliwe 2025, wa Sengerema watafute kingine.) Mwenye sonona anahitaji matibabu na nafasi ya kuahirisha mwaka, si kikao cha nidhamu.

Mtihani wa vituo, ambao mwanafunzi hupita kituo hadi kituo akipimwa kazi moja moja, ule aliouanzisha Ronald Harden kule Dundee miaka ya 1970, ni mzuri sana kwa kupima mikono. Lakini mbele ya msahihishaji, nani atasahau kumwamkia mgonjwa "Shikamoo"? Tabia huonekana kwenye zamu ya usiku, na aliyepo usiku ni muuguzi wa wodi, si mimi. Huko ndiko mfumo wetu unakovuja. Logibuku, daftari la kusainiwa kazi alizofanya mwanafunzi wodini, inaletwa wiki ya mwisho ikiwa tupu, muuguzi anamhurumia mtoto wa watu, "atadisko (atafukuzwa chuo) mwaka wa mwisho, bumu lote limeshaliwa!", anasaini kurasa zote kwa kalamu moja na wino uleule. Huruma hiyo mgonjwa hakuulizwa.

Logibuku za muhula huu zimeanza kufika mezani kwangu. Isiyo na tarehe ya zamu na jina la aliyesimamia siigusi. Mwenye nayo arudi wodini akamtafute sista inchaji.