Kwa nini mafundisho ya samurai yanamfaa mtu wa ofisini?

Je, wajua kwamba samurai anayenukuliwa sana kuhusu kifo hakuwahi kupigana vita hata siku moja? Yamamoto Tsunetomo, aliyezaliwa mwaka 1659 katika jimbo la Saga, kusini-magharibi mwa Japani, alimtumikia bwana wake kama mhudumu na mwandishi. Ndiye aliyesema kwamba njia ya samurai hupatikana katika kifo. Lakini katika mazungumzo hayohayo, ambayo kijana aliyekuwa akimtembelea aliyaandika mwanzoni mwa karne ya 18, anafundisha pia namna ya kuzuia miayo mbele ya watu: pitisha mkono kwenye paji la uso kuelekea juu, na usipofaulu, lamba midomo bila kufungua kinywa. Hayo ni maneno ya mtu aliyekaa vikao virefu.

Ukijua hilo, haishangazi tena kwamba mafundisho ya samurai yamejaa kwenye semina za uongozi. Sehemu kubwa yaliandikwa baada ya vita kwisha. Ukoo wa Tokugawa ulishinda vita vya Sekigahara mwaka 1600, ukashika utawala mwaka 1603, na mwaka 1615 ukawamaliza wapinzani wake wakubwa huko Osaka. Ukiondoa uasi wa Shimabara wa 1637 na 1638, Japani ilikaa zaidi ya miaka 200 bila vita vikubwa. Samurai wakahamia miji ya ngome na kulipwa kwa mchele, uliopimwa kwa koku. Koku moja ni takriban kilo 150, kiasi kilichohesabiwa kumtosha mtu mmoja mwaka mzima. Walikagua kodi, walitunza madaftari, walilinda malango. Wa vyeo vya chini, mchele ulipopungua, walitengeneza miavuli nyumbani ili wapate cha kujazia.

Kosa kubwa lililoenea ni kudhani kwamba palikuwa na sheria moja ya kale, iitwayo bushido, ambayo kila samurai aliifuata tangu enzi za mapanga na pinde. Ile orodha ya maadili saba inayosambazwa mitandaoni (uadilifu, ujasiri, huruma, adabu, ukweli, heshima, uaminifu) inafuata kwa karibu sura za kitabu kilichoandikwa kwa Kiingereza, nchini Marekani, na kuchapishwa mwaka 1900. Mwandishi wake, Nitobe Inazo, alizaliwa mwaka 1862 katika familia ya samurai. Alikuwa Mkristo wa madhehebu ya Quaker na mke wake alikuwa Mmarekani. Anaeleza katika dibaji kwamba mwanasheria mmoja wa Ubelgiji alimuuliza Wajapani wanawafundishaje watoto maadili ikiwa shuleni hakuna somo la dini, naye akakosa jibu la papo hapo. Kitabu ndicho kikawa jibu. Kilipotoka, samurai walikuwa wameshapigwa marufuku kubeba panga hadharani tangu mwaka 1876, na posho zao zilifutwa mwaka huohuo. Nitobe alikuwa akiwaeleza wasomaji wa nchi za Magharibi tabaka ambalo halikuwepo tena, na alifanya hivyo kwa mapenzi makubwa. Ni kitabu kizuri, ila tusikisome kama sheria ya kale.

Wapiganaji wenyewe walikuwaje? Mtazame Takezaki Suenaga, aliyepigana na Wamongolia walipovamia Japani mwaka 1274. Vita vilipokwisha hakupewa kitu. Hakunyamaza kwa unyenyekevu: mwaka uliofuata alifunga safari ndefu mpaka Kamakura, yalikokuwa makao ya serikali ya kijeshi, kudai malipo yake. Akayapata. Baadaye aliagiza ichorwe hati ndefu ya picha kuonyesha alivyopigana na alivyodai, na picha hizo zipo mpaka leo. Au mtazame Todo Takatora, aliyefariki mwaka 1630. Alitumikia mabwana wasiopungua saba, akimwacha huyu na kwenda kwa yule, na akaishia kuwa mtawala wa jimbo na mjenzi wa ngome aliyeheshimiwa. Na pale Sekigahara, Kobayakawa Hideaki aligeuza jeshi lake katikati ya mapigano na kuwashambulia washirika wake mwenyewe. Uaminifu ulikuwepo, naam, na wapo waliokufa kwa ajili yake. Lakini ulitegemea ardhi, malipo na hesabu za nani atashinda. Ule uaminifu usio na masharti ulisisitizwa zaidi baadaye, wakati hapakuwa na bwana mwingine wa kukimbilia.

Basi kuna kitu cha kweli tunachoweza kuchukua kwa watu hawa? Kipo, na kwangu mimi kilicho bora kuliko vyote kimo katika maandishi ambayo Takuan Soho, mtawa wa Zen, tawi la dini ya Kibuddha, alimwandikia Yagyu Munenori, mwalimu wa upanga wa mashoguni wawili, yaani watawala wa kijeshi wa Japani. Swali lake ni la kiutendaji kabisa: adui anapokujia na upanga, akili yako iwe wapi?

Ukiiweka kwenye upanga wake, anasema Takuan, imetekwa na upanga wake. Ukiiweka kwenye upanga wako, imetekwa na upanga wako. Ukiiweka kwenye wazo la kumpiga, au kwenye wazo la kutopigwa, imetekwa vilevile. Hatari haiko katika kuona. Iko katika kusimama pale ulipoona. Anatoa mfano wa Kannon, mtakatifu wa huruma wa Kibuddha anayechorwa na mikono elfu: akili yake ikisimama kwenye mkono mmoja ulioshika upinde, mikono 999 iliyobaki haina kazi. Basi iwekwe wapi? Wengine walifundisha kuituliza chini ya kitovu. Takuan anasema hiyo nayo ni daraja la chini. Usiiweke popote, nayo itajaa mwili mzima.

Hapa wengi hudhani utulivu wa samurai ni kuganda kama jiwe. Takuan anasema kinyume: akili isiyotikisika ni ile inayopita kila mahali bila kukwama.

Anayejifunza cherehani ya miguu analijua jambo hili vizuri. Siku za kwanza akiangalia mguu, kitambaa kinapinda. Akiangalia kitambaa, mguu unakosea, gurudumu linarudi nyuma, uzi unakatika. Kila kitu kinadai akili yake yote, na akili ni moja. Mwache aendelee. Baada ya miezi, mguu unakwenda wenyewe, mikono inaongoza mshono, naye anampigia mteja hesabu ya vifungo bila kuinua kichwa. Sasa mwambie ghafla ahesabu kila pigo la kanyagio. Mshono utaharibika palepale. Takuan aliliona hilo pia: asiyejua kitu huzuia pigo bila kufikiri, anayeanza kufundishwa hukwama kila mahali, na aliyezoea kwa miaka hurudi kule alikoanzia, sasa akiwa na ujuzi.

Mwaka 2002 mwanasaikolojia Sian Beilock na wenzake walichapisha majaribio yanayokaribia sana wazo hili. Wachezaji wa soka waliobobea waliagizwa kupitisha mpira kati ya vizuizi huku wakifuatilia upande gani wa mguu umegusa mpira. Kwa mguu wa kulia, waliouzoea, kasi yao ilishuka. Wanaoanza walifanya vizuri zaidi walipoangalia mguu. Na hawa waliobobea, walipotumia mguu wa kushoto, wakawa kama wanaoanza: kuuangalia kuliwasaidia. Ni vizuizi na mpira tu, hakuna aliyetishiwa maisha, na Takuan aliandika kutokana na tafakuri bila kupima chochote. Kwa hiyo tusiseme sayansi imemthibitisha. Lakini jaribio hilo linatufaa kwa tahadhari moja: "acha kufikiri, tenda tu" ni ushauri mbaya kwa mtu ambaye bado hajajifunza.

Sasa mtazame yule mtu wa ofisini. Amesimama mbele ya wakurugenzi anawasilisha bajeti. Kwenye ukurasa wa pili mmoja wao anakunja uso. Akili inasimama pale pale: nimekosea wapi? Mdomo unaendelea kusoma, lakini swali linaloulizwa dakika mbili baadaye halisikii. Akijiambia "tulia, tulia," amepata mahali pengine pa kusimama. Dawa iko kabla ya siku yenyewe: kurudia sentensi za mwanzo na zile tarakimu ambazo lazima ataulizwa, mpaka zisihitaji kutafutwa, ili macho na masikio yabaki kwa watu. Uso uliokunjwa ataona, na ataendelea.

Akili hukwama kwenye ushindi pia. Katika kendo, mchezo wa upanga wa mianzi unaochezwa mpaka leo, mchezaji aliyepiga pigo halali akashangilia anaweza kunyang'anywa pointi, kwa sababu ameacha kuwa macho.

Upande mwingine hauna budi kutajwa. Maneno ya Tsunetomo kuhusu kifo yalipata umaarufu mkubwa miaka ya 1930 na 1940, yakitumika kuwaandaa vijana kufa vitani. Maandishi ya Takuan nayo yanasema kwamba anayepiga, upanga na anayepigwa wote ni utupu, na kauli kama hiyo ikichukuliwa peke yake inaweza kumpeleka mtu popote. Yeye mwenyewe hakuiacha peke yake. Mwishoni anamgeukia Munenori na kumkemea kuhusu mwenendo wa mwanawe, kuhusu kujionyesha kwa ngoma mbele ya wakubwa, na kuhusu kuwapendelea watawala wa majimbo waliomletea zawadi. Munenori ndiye aliyekabidhiwa, mwaka 1632, kazi ya kuwachunguza watawala haohao.