Besiboli ya Seattle haikuanza na Mariners

Wengi wanaofuatilia Seattle Mariners, timu ya ligi kuu ya besiboli ya Marekani iliyoanza 1977 katika mji wa Seattle, huamini kwamba kabla ya mwaka huo mji huo haukuwa na besiboli ya kulipwa. Si kweli, na dhana hiyo inawanyima haki watu wengi.

Mwaka 1938 mmiliki wa kiwanda cha bia, Emil Sick, alifungua uwanja katika bonde la Rainier kwa ajili ya timu yake, Seattle Rainiers. Msimu huohuo kijana wa hapohapo mjini, Fred Hutchinson, akiwa na miaka 19 tu, alishinda mechi 25 kama mrushaji, yaani mchezaji anayewarushia wapigaji mpira. Fikiria hilo! Timu ikatwaa ubingwa wa Ligi ya Pwani ya Pasifiki, ligi ya ngazi ya chini ya ligi kuu, mara tatu mfululizo, 1939 hadi 1941. Hutchinson alifariki kwa saratani mwaka 1964, na kituo mashuhuri cha utafiti wa saratani mjini humo kina jina lake.

Katika uwanja huohuo, mwaka 1946, walicheza Steelheads, timu ya wachezaji weusi walioishi zama za ubaguzi. Ligi yao ilivunjika mapema, nao husahaulika kuliko wote.

Hata kwenye ligi kuu Mariners hawakutangulia. Pilots, timu nyingine ya Seattle, walicheza msimu mmoja, 1969, wakafilisika na kuhamishiwa Milwaukee, ambako sasa ni Brewers. Jimbo la Washington, ambako Seattle ipo, likaishtaki ligi hiyo kwa kupotezewa timu, na Mariners walipatikana kutokana na kesi hiyo.