Mgonjwa wa saratani aambiwe ugonjwa wake

"Daktari, mama asiambiwe." Ombi hili katika kliniki za saratani hapa Mombasa huletwa kwa kunong'ona, na mwana aliyemleta mamake. Nia ni njema. Lakini mama huyo ndiye atakayetundikiwa dripu ya kemo, yaani dawa za kuua saratani, nywele zimtoke, kinywa kimwote vidonda. Asipojua sababu, ataiona dawa yenyewe kuwa ndiyo maradhi, na huenda asirudi. Akisema mwenyewe kuwa hataki kujua yote, ni haki yake. Amtaje atakayeambiwa kwa niaba yake.

Anayetaka kujua aanze na jina kamili la ugonjwa. "Saratani ya titi" haitoshi. Kinyama kilichokatwa hupimwa maabara, na ripoti huonyesha kama uvimbe unakuzwa na homoni au una HER2, protini inayouchochea kukua, kwa wingi. Wanawake wawili wa Likoni wenye uvimbe wa ukubwa mmoja wanaweza kupewa matibabu tofauti kabisa: mmoja atameza tamoxifen, dawa ya kuzuia homoni, kila siku kwa miaka 5 au zaidi, mwengine dawa hiyo haimfai kitu. Kwa hivyo usipime matibabu yako kwa ya jirani. Omba nakala ya ripoti, uitunze kama kitambulisho.

Wapo wanaokikimbia kipimo hicho cha kukatwa kinyama wakiamini uvimbe ukiguswa na kisu husambaa. Ukweli ni kwamba wengi hufika ugonjwa ushakwenda mbali, kisha lawama kikatupiwa kisu.

Baada ya jina, uliza hatua, yaani ugonjwa umeenea kiasi gani, kuanzia ya 1 hadi ya 4, na uulize wazi: tunakusudia kuponya, au kuudhibiti ugonjwa na kupunguza maumivu? Chukua saratani ya mlango wa kizazi. Ikiwahiwa, upasuaji pekee waweza kutosha. Ikishaingia nyama za kando, kawaida hutumika mionzi pamoja na cisplatin, dawa ya kemo, kila wiki, na mara nyingi kusudio bado ni kuponya. Kuambiwa "hutapasuliwa" si kukatiwa tamaa. Zamani mionzi ilifuatwa Nairobi. Sasa inatolewa hapa hapa, Hospitali Kuu ya Pwani, ile wenyeji tuiitayo Makadara.

Habbasoda na mitishamba mingine? Tuambie tu, hatugombi. Baadhi ya mitishamba huvuruga utendaji wa dawa, na daktari asiyejua hawezi kukukinga. Anayetaka kufunga Ramadhani naye aseme mapema, ratiba ipangwe.

Kuhusu Coast Hospice, watu huogopa jina lake bure. Tiba shufaa inayotolewa huko, yaani ya kupunguza maumivu na mateso ya mgonjwa, huenda sambamba na kemo au mionzi, na morfini ya maji, dawa ya maumivu makali, ikitolewa kwa kipimo haimharakishii mtu kifo.

Na ukiwa kwenye kemo joto likafika 38, usingoje siku ya kliniki wala usimeze panadol ulale. Njoo usiku huo huo, na umwambie wa kwanza kukupokea kwamba uko kwenye kemo.