Pacha wa kufanana si mtu mmoja

Hapa Moshi wapo wanaoamini kuwa pacha wa kufanana wana alama za vidole zilezile, na kosa la Kulwa ni la Doto pia.

Kweli, wametokana na yai moja lililogawanyika, na vinasaba vyao karibu havitofautiani. Ila mistari ya vidole hujichora tumboni, na mazingira ya kila mtoto humo hayalingani. Wapake wino wa muhuri kwenye dole gumba, wabonyeze karatasi nyeupe, kisha tazama mistari inapokatika na kugawanyika.

Hata kondoo Dolly, aliyetengenezwa Uskoti mwaka 1996 kutokana na seli ya kondoo mwingine na hivyo kuwa na vinasaba kama vyake, alizaliwa mchanga, bila kumbukumbu za mwenzake.

Inaumiza pacha kudaiwa pale sokoni Mbuyuni deni asilolijua. Aliyekopa na kuahidi ni Kulwa, adaiwe Kulwa.