Kupungukiwa usikivu si mwisho wa kumiksi muziki

Hapa Dodoma husemwa kuwa prodyuza aliyepungukiwa usikivu aache kumiksi (kuchanganya na kusawazisha sauti za wimbo), au apandishe sauti tu. Yote mawili si kweli, na la pili lina madhara.

Usikivu haupungui kama redio inayopunguzwa sauti. Mara nyingi hutangulia kupotea sauti nyembamba, hasa kati ya hezi 3,000 na 6,000 (mitetemo kwa sekunde): "s" ya mwimbaji, msuguano wa upinde kwenye zeze, ule mvumo mwembamba wa ilimba, marimba ya mkono ya Wagogo. Ngoma za muheme bado unazisikia vizuri! Ukipandisha sauti yote, unaongeza ngoma usizozihitaji na kuliumiza sikio zaidi. Desibeli (kipimo cha ukubwa wa sauti) 85 kwa saa 8 tayari ni hatari.

Kapime masikio kwanza, ujue pengo lako liko wapi. Kisha miksi kwa sauti ya chini, tazama kwenye kompyuta grafu ya masafa, inayoonyesha nguvu ya sauti nene hadi nyembamba, linganisha na wimbo unaoufahamu vizuri. Kama sikio moja ndilo zima, unganisha chaneli mbili, ya kushoto na ya kulia, ziwe moja. Mwanamuziki Brian Wilson wa Marekani, ambaye sikio lake la kulia halikusikia karibu chochote, alitengeneza muziki hivyo.