Glenda Jackson: aliacha jukwaa akawa mbunge miaka 23, akarudi kuwa mfalme

Wanafunzi wa sanaa za maonyesho hutuuliza mara kwa mara kama uigizaji una umri wa kustaafu. Mfano ninaoupenda ni wa Glenda Jackson, mwigizaji wa Uingereza aliyefariki Juni 15, 2023 akiwa na miaka 87.

Alizaliwa Birkenhead mwaka 1936, binti wa kwanza wa fundi mwashi. Alipomaliza shule alifanya kazi katika duka la dawa kwa miaka miwili, kisha akapata nafasi RADA, chuo cha uigizaji cha London. Mwaka 1964 mwongozaji Peter Brook alimchukua Royal Shakespeare Company, kundi maarufu la tamthilia la Uingereza, na tangu hapo akajulikana. Filamu za Women in Love na A Touch of Class zilimpatia Oscar mbili; hakwenda kupokea hata moja. Alipoigiza Malkia Elizabeth wa Kwanza kwenye televisheni mwaka 1971, alinyoa nywele za mbele ili afanane naye.

Mwaka 1992 akaacha yote hayo, akachaguliwa kuwa mbunge wa chama cha Labour. Alikaa bungeni hadi 2015.

Mwaka uliofuata, akiwa na miaka 80, alipanda jukwaa la Old Vic jijini London kuigiza King Lear, mfalme mzee anayewagawia mabinti zake ufalme kisha akapoteza akili. Ni nafasi inayowachosha hata wanaume wenye nusu ya umri wake: zaidi ya saa tatu, mashairi marefu yanayodai pumzi, na kupiga kelele katikati ya dhoruba bila kuharibu koo. Mwanamke ataigizaje mfalme? Yeye alieleza kwamba alipokuwa mbunge alitembelea nyumba za wazee, na huko akaona mipaka kati ya uanaume na uanamke ikianza kufifia kadiri mtu anavyozeeka. Kwa maoni yangu, hapo ndipo ilipo siri ya Lear wake. Miaka ya ubunge haikumpotezea sanaa, bali ilimkusanyia watu wa kuigiza.

Mwaka 2018 alitwaa tuzo ya Tony, tuzo kubwa ya tamthilia Marekani, kwa mchezo wa Three Tall Women, New York. Mwaka 2019, katika filamu ya televisheni Elizabeth Is Missing, aliigiza bibi mwenye ugonjwa wa kusahau anayemtafuta rafiki yake, akashinda BAFTA, tuzo ya filamu na televisheni ya Uingereza. Ukitaka kuanza kumjua, anzia hapo.