Haki ya nyumba: tunayosema Lubumbashi, na yaliyoandikwa katika sheria

Katiba ya Kongo ya tarehe 18 Februari 2006 ina kifungu ambacho huku kwetu hutajwa kwa kicheko au kwa hasira: kifungu cha 48. Kinasema kwamba haki ya kuwa na makazi yenye heshima, haki ya kupata maji safi ya kunywa na haki ya kupata umeme zimehakikishwa, na kwamba sheria itapanga namna ya kuzitumia. Anayecheka anaishi Katuba, mojawapo ya komini (manispaa) za Lubumbashi, na bomba lake limekauka. Anayekasirika amepewa siku tatu ahame na watoto. Nawaelewa wote wawili, lakini naona wanakidai kifungu hiki jambo ambalo hakikuahidi, na kile kinachowalinda kweli hawakigusi.

“Haki ya nyumba maana yake Leta (Serikali) itatujengea”

Dhana hii ina mizizi yake hapa hapa mjini. Tangu miaka ya 1920, Union Minière, kampani ya migodi, ilianza kuwaweka wafanyakazi wake kambini pamoja na wake zao na watoto, ili wasiwe watu wa kuja na kurudi kijijini. Nyumba ilikuwa ya kampani, posho ya kampani, shule na hospitali za kampani. Mwaka 1967 Leta ikaichukua, baadaye ikaitwa Gécamines, na mazoea yakabaki: kampani ni baba. Upande mwingine, katika miaka ya 1950, ofisi ya kikoloni iliyojulikana kama OCA ilijenga mitaa mizima ya nyumba za kufanana, na Ruashi ni mmoja wao. Ukiwauliza wazee wa Ruashi au wa makambi ya zamani, watakuambia nyumba ilikuwa inatolewa.

Ilikuwa inatolewa, ndiyo. Haki haikuwa. Nyumba ya kambi ilifungwa kwenye kazi: ukistaafu, ukifukuzwa au ukifa, familia inafunga mizigo. Aliyekupa kazi ndiye aliyeshika paa lako, na ukitaka kugoma ulilifikiria paa kwanza. Wakati Gécamines ilipowaaga wafanyakazi wake zaidi ya 10,000 kati ya 2003 na 2004, wengi waligundua kwa uchungu kwamba walikuwa na mwajiri tu pale walipodhani wana baba. Kilichobaki cha mpango ule kimo katika Kanuni ya Kazi ya tarehe 16 Oktoba 2002: mwajiri anayemchukua mtu mbali na mahali pa kazi, au anayemhamisha, anapaswa kumpa nyumba inayofaa yeye na familia yake, au malipo ya nyumba badala yake. Ni haki ya mfanyakazi. Mama anayeuza makala (makaa) sokoni Kenya, komini nyingine ya hapa mjini, haimhusu.

Haki ya nyumba kama haki ya binadamu ni kitu kingine. Nchi yetu, ikiitwa bado Zaire, ilijiunga mwaka 1976 na Mkataba wa Kimataifa wa haki za kiuchumi, kijamii na kitamaduni, ambao kifungu chake cha 11 kinataja makazi. Kamati inayosimamia mkataba huo ilieleza mwaka 1991 nini maana ya makazi ya kutosha, na ikataja mambo saba. La kwanza halikuwa matofali wala mabati. Lilikuwa usalama wa kukaa: kwamba mtu, awe mwenye parseli (kiwanja), mpangaji au hata mtu wa mtaa usiopimwa, awe na ulinzi wa sheria asifukuzwe ovyo. Mengine ni maji na huduma, bei isiyomnyima mtu chakula, nyumba isiyovuja wala kuangusha ukuta, nafasi kwa wazee na walemavu, mahali palipo karibu na kazi na shule, na kuheshimu namna watu wanavyoishi. Serikali inadaiwa kwanza isibomoe, kisha imzuie mwingine kubomoa, halafu ndipo ipange, kwa uwezo ilio nao, jinsi wasio na kitu watakavyopata. Kujenga kumo mwishoni mwa safari hiyo, na hata hapo si kwa kila mtu.

“Basi ni karatasi tupu”

Hapana, ila ni kazi iliyoachwa nusu. Tazama kifungu cha 48 chenyewe: kinataja vitu vitatu. Umeme ulipata sheria yake tarehe 17 Juni 2014. Maji yalipata yake tarehe 31 Desemba 2015. Makazi je? Siku hiyo hiyo ya 31 Desemba 2015 ilitoka sheria ya upangaji wa nyumba. Yaani katika haki nzima ya makazi, wabunge walishika kodi. Si jambo dogo katika mji uliojaa wapangaji, lakini aliyelala kwenye veranda ya duka hana mkataba wa kodi wa kulindwa.

Nchi nyingine zimeonyesha kwamba kifungu kinaweza kuzaa kitu. Afrika Kusini iliiweka haki ya makazi katika Katiba yake ya 1996, na mwaka 2000 Mahakama ya Katiba, katika kesi ya Irene Grootboom na wenzake waliokuwa wakiishi uwanjani bila hifadhi, ilisema sera ya nyumba ya Serikali ilikuwa na kasoro kwa sababu haikuwafikiria walio na shida ya leo leo. Mahakama haikumpa mama huyo funguo. Alifariki mwaka 2008 akiwa bado kwenye kibanda. Kesi ilishinda, nyumba haikuja, na mtu anayetaka kusifu mahakama peke yake aikumbuke sehemu hiyo ya pili.

Ufaransa ilikwenda mbali zaidi kwa sheria ya tarehe 5 Machi 2007: anayestahili makazi na hajapata anapeleka faili kwenye kamati, na kamati ikimkubali bila Serikali kumpatia nyumba, anaishtaki Serikali yenyewe, na hakimu anaweza kuitoza faini kwa kuchelewa. Kenya nayo, ile ya Nairobi na si komini yetu, iliandika haki ya makazi katika kifungu cha 43 cha Katiba ya 2010. Tunachokosa sisi ni mlango kama ule wa Ufaransa: ofisi yenye jina, muda uliowekwa na adhabu kwa Leta inapokaa kimya. Hata hivyo hakimu wetu hana mikono mitupu. Kifungu cha 153 cha Katiba kinaziagiza mahakama zitumie mikataba ya kimataifa iliyoridhiwa kihalali, na kifungu cha 215 kinaiweka mikataba hiyo juu ya sheria za kawaida. Avoka (wakili) anayesimama na mkataba huo tuliojiunga nao 1976 mkononi hasomi mashairi.

“Nyumba ni yake, ananitoa siku anayotaka”

Hapa ndipo sheria ilipo na watu hawaitumii. Sheria nambari 15/025 ya 2015 inasema garanti (dhamana anayoweka mpangaji) ya nyumba ya kuishi isizidi kodi ya miezi mitatu. Mitatu. Ukidaiwa sita, na juu yake komisioneri (dalali wa nyumba) anataka chake, ujue uko nje ya sheria, hata kama mtaa mzima unafanya hivyo. Mwenye nyumba anayetaka kuvunja mkataba usio na mwisho uliopangwa anapaswa kukutaarifu miezi mitatu kabla. Na mkigombana, kesi inaanzia kwenye ofisi ya Habitat (ya makazi) ya komini kwa usuluhishi. Ikishindikana, ndipo mnakwenda tripaix, mahakama ya amani. Kumtoa mtu kwa nguvu kunahitaji uamuzi wa mahakama. Kung'oa mlango, kuondoa mabati juu ya vichwa vya watoto, kukata waya wa umeme, kuita vijana wa mtaa waje kutupa magodoro nje: hayo yote, hata kama mpangaji anadaiwa kweli, ni kujichukulia sheria.

Lakini nataka kuwa wa haki kwa upande wa pili pia. Bayere (wenye nyumba za kupanga) wetu wengi si matajiri. Ni mama mjane anayeishi katika chumba cha nyuma cha parseli hiyo hiyo, au mzee wa SNCC, shirika la reli, ambaye pensheni yake ni hadithi. Garanti anayopokea Septemba imekwisha Septemba hiyo hiyo, imekwenda shuleni. Siku ya kuondoka mpangaji anadai makuta (fedha) yake, mama hana, na hapo ndipo ugomvi huanza. Haki ya nyumba haimpi mpangaji ruhusa ya kukaa bure. Kodi ni deni kama deni lolote. Kinachowasaidia wote wawili ni karatasi: mkataba ulioandikwa na kupitishwa Habitat, risiti ya kila mwezi, na maandishi ya hali ya nyumba siku ya kuingia. Watu hukwepa Habitat kwa kuogopa ushuru. Naelewa, lakini siku ya ugomvi wanajikuta hawana cha kumwonyesha hakimu isipokuwa majirani.

“Nimenunua kwa chifu, nina karatasi ya kartie (mtaa), parseli ni yangu”

Ni yako mpaka atokee mwenye sertifika. Sheria ya ardhi ya tarehe 20 Julai 1973 inasema udongo wote ni mali ya Leta, hauuzwi wala haupotei kwa kukaliwa muda mrefu. Unachopata wewe ni haki ya kuutumia, inayoitwa konsesheni, na kwa Mkongomani inaweza kuwa ya kudumu. Kinachoithibitisha ni sertifika ya uandikishaji inayotolewa na msimamizi wa hati za ardhi. Fishi (kadi) ya parseli, karatasi ya shefu wa kartie na hati ya mauzo yenye mashahidi wanne vina thamani ya ushahidi. Havichukui nafasi ya sertifika.

Jambo ambalo watu wa Annexe, komini ya pembezoni mwa mji, wanapaswa kulijua kuliko yote ni hili: sheria inasema sertifika ikishatimiza miaka miwili haki iliyomo haishambuliki. Kwa hiyo ukisikia mtu amepata sertifika juu ya parseli yako, usikae ukisubiri “atakuja tuongee”. Siku zinahesabika, na zinamhesabia yeye.

Kwa wazee wa komini za zamani, wenye kile kijitabu kinachoitwa livret de logeur, habari ni nzuri zaidi. Kifungu cha 390 cha sheria ya 1973 kinawatambua wenye kijitabu hicho, pale ambapo parseli imepimwa na kuingizwa kadastre (daftari la viwanja vilivyopimwa), kuwa na haki ya konsesheni ya kudumu. Kijitabu hicho kisioze kwenye sanduku la marehemu babu.

Na machifu? Sheria ile ile ilizifanya ardhi za jamii za kimila kuwa za Leta, ikaahidi kwamba amri ya Rais itapanga haki za wanaozikalia. Miongo ilipita amri hiyo ikisubiriwa. Katika pengo hilo machifu waliendelea kugawa, mji ukawafikia, na leo anayenunua pembezoni ananunua kwa watu wawili: kwa chifu kwanza, kisha kwa Leta.

“Hawana hati, na udongo ni wa Leta: wabomolewe”

Hii naisikia hata kwa watu waliosoma, na ndiyo inayoniudhi zaidi. Udongo ni wa Leta, lakini haki ya kuutumia na nyumba iliyojengwa juu yake vinalindwa. Kifungu cha 34 cha Katiba kinataka fidia ya haki, tena ilipwe kabla ya mtu kuondolewa, na utaratibu umo katika sheria ya tarehe 22 Februari 1977 juu ya kutwaa mali kwa manufaa ya umma. Barabara ikipita kwako, unapaswa kuarifiwa, kusikilizwa na kulipwa kwanza. Ahadi ya kulipwa baada ya greda kupita haitoshi.

Asiye na hati yuko katika hali ngumu zaidi, lakini si mtu wa kufagiliwa. Kamati ile ya mkataba iliandika tena mwaka 1997: hata pale kuhamisha kunapokubalika, watu washauriwe, wapewe taarifa mapema, wasihamishwe usiku wala kwenye mvua kubwa, wawe na njia ya kwenda mahakamani, na asibaki mtu bila pa kulala. Pima Kawama kwa kipimo hicho. Novemba 2009, nje kidogo ya Lubumbashi, polisi walibomoa mamia ya nyumba kwa buldoza. Ilisemekana ni operesheni dhidi ya wachimbaji wadogo, lakini buldoza haiulizi nani anachimba na nani anauza mihogo. Kubomoa namna hiyo kunavunja haki ya nyumba, hata kama hapakuwa na sertifika moja mahali pote.

“Nyumba ya marehemu inarudi kwa ndugu zake”

Kwenye kilio, kabla hata ya mazishi, wakwe wanaanza kuhesabu viti. Kanuni ya Familia ya 1987, iliyorekebishwa mwaka 2016, inasema kinyume katika kifungu cha 785: mume au mke aliyebaki ana haki ya kuendelea kuitumia nyumba waliyokuwa wakiishi pamoja na vyombo vilivyomo. Watoto ndio warithi wa kwanza, wala si kaka wa marehemu. Udhaifu uko kwenye uthibitisho. Mke ambaye ndoa yake iliishia kwenye mahari na sherehe ya familia, bila kuandikishwa komini, anaanza kesi kwa kuthibitisha kwanza kwamba alikuwa mke. Ndoa ya kifamilia inaandikishwa kwa ofisa wa hali ya raia wa komini mnakokaa, na ni afadhali kwenda huko mume akiwa hai na anaweza kutia sahihi.